Kabla ya kuwasha injini, uliza maji yako wapi

Mpwa wangu alinipigia simu usiku mmoja baada ya isha, sauti imejaa furaha. Amepata kazi. Kuna mtu amenunua boti ya faiba yenye injini ya nguvu za farasi 40, anataka ianze kubeba wageni wa Kisite kutoka Shimoni, na boti yenyewe iko Diani. Kazi ya kwanza ya kijana ni kuishusha mpaka Shimoni, yeye na mwenzake mmoja. Akaniuliza: "Mjomba, njia si ni kufuata ufuo tu mpaka uione Wasini?"

Nilinyamaza kidogo. Kwa gari, kutoka Ukunda hadi Shimoni ni mwendo wa saa moja, na lami huna haja ya kuijua tabia yake. Kwa maji ni kama kilomita 45, na hakuna hata kilomita moja ndani yake inayofanana na nyenziwe. Nikamwambia asubiri, nitamwandikia. Nilipokuwa naandika nikaona wapo wengine wengi wa umri wake, wa Gazi, Msambweni, Bodo na Vanga, ambao wamekabidhiwa injini kabla hawajakabidhiwa bahari. Basi, ndugu msomaji, haya nayaweka wazi kwa wote.

Nianze na ukuta. Pwani yetu ya Kwale ina mwamba wa matumbawe unaokwenda sambamba na nchi, mahali pengine nusu kilomita kutoka ufuoni, mahali pengine hata zaidi ya kilomita moja. Nje ya mwamba ni kilindi, na mawimbi yake yametoka mbali. Ndani ya mwamba ni maji ya kimya yenye nyasi, mchanga na vichwa vya mawe. Anayetembea kwa chombo kidogo ana njia mbili: ya ndani na ya nje. Njia ya ndani ni salama mradi maji yapo. Njia ya nje ina maji wakati wote, lakini haina huruma. Kati ya hizo mbili kuna milango, pale mwamba ulipokatika, na hapo ndipo watu wengi huumia. Ukitoka mlangoni kwa wakati wake hutasikia chochote. Ukikosea kwa saa moja tu, utakuta maji yamesimama wima.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu njia. Swali ni maji yako wapi.

Maji ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Hilo kila mtoto wa pwani analijua. Lakini kuna jambo ambalo vijana wengi hawalitumii ingawa wanalijua: mwezi wa kiislamu ni saa ya ukutani. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tunaingia bamvu. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukifika nusu, tarehe 7 au 8 na tena 22 au 23, ni maji mafu, na saa zinageuka: kujaa kunakuja kwenye saa nne au tano, kupwa kunakuja jioni. Ami yangu hakujua kusoma jedwali lolote, lakini ungemwamsha usingizini ukamtajia tarehe ya mwezi, angekwambia maji yako wapi bila kufungua dirisha. Leo Halmashauri ya Bandari inatoa jedwali la Kilindini kila mwaka, na saa zake zinatofautiana na za kwetu huku kusini kwa dakika chache tu. Kwenye simu pia yapo. Hakuna kisingizio.

Kiasi nacho ni muhimu. Katika bamvu kubwa, tofauti kati ya maji makavu na maji makuu inakaribia mita 4. Katika mafu inaweza kuwa mita 1 tu. Na maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Chukua siku ambayo maji yatashuka mita 3 na sentimita 60 kwa saa sita. Saa ya kwanza yanashuka kama sentimita 30, unaona hata hayajaenda popote. Saa ya pili 60. Saa ya tatu 90, saa ya nne 90 tena, halafu 60, halafu 30. Yaani katika zile saa mbili za katikati, nusu nzima ya maji inaondoka. Mtu anasimama ufuoni kunywa chai ya pili, anatazama maji yako pale pale, anajiambia bado kuna muda. Akiingia chomboni, bahari inamkimbia chini ya miguu.

Mimi ni mmoja wa watu hao, na nitasimulia, maana sitaki kijana adhani namfundisha kutoka kwenye kiti.

Ilikuwa mwezi wa Julai, kusi limepamba, na bamvu. Mimi na binamu yangu tulikuwa tunapeleka mifuko sita ya saruji na mabati Funzi, kwa shemeji zetu waliokuwa wanajenga. Boti haikuwa yetu. Ilikuwa ya mama mmoja jirani, mjane, aliyeachiwa na marehemu mumewe, naye alikuwa akiikodisha ili alipe karo. Tulipanga kuondoka Msambweni saa kumi na mbili asubuhi. Mabati yakachelewa, tukaondoka saa moja u nusu. Hapo maji yalikuwa katika zile saa mbili nilizozitaja. Tukajaribu njia ya ndani, tukagusa jiwe la kwanza, la pili, binamu akasema basi tutoke nje, tutaingia tena mbele.

Pale mlangoni maji yote ya ndani yalikuwa yanatoka kwa nguvu, na mawimbi ya kusi yalikuwa yanakuja kuyapokea. Maji yakienda mbele na wimbi likija nyuma, wimbi hufupika na kusimama. Tulipanda la kwanza. Tukapanda la pili. La tatu injini ikakohoa. Petroli ilikuwa na maji, tuliinunua kwenye chupa njiani na hakuna aliyeichuja. Chombo kikageuka ubavu. Nikapiga kelele, "Nanga!" Nanga ilikuwa chini ya saruji.

Sitairefusha. Tulitupwa juu ya bega la mwamba, chombo kikapasuka upande mmoja, binamu yangu akachanika mguu na matumbawe kutoka goti hadi kifundo. Kilichotuokoa ni kile kile kilichotuponza: maji yaliendelea kupwa. Ilipofika saa nne mwamba ulikuwa mkavu, na akina mama waliokuwa wakichokoa pweza wakatuona, wakatuongoza kwa miguu mpaka ufuoni, wakijua ni wapi pa kukanyaga. Alasiri maji yaliporudi, yalimaliza chombo. Saruji iligandia pale pale mwambani na mifuko yake.

Yule mama hakutufokea. Alikaa kwenye kibaraza akasema, "Alhamdulillahi mmerudi." Tulimlipa kidogo kidogo kwa miezi 19. Mtoto wake mkubwa alikaa nyumbani muhula mzima kabla hatujatoa fungu la kwanza. Mguu wa binamu umepona. Hilo la muhula halijapona.

Sasa nirudi kwenye njia, na nitaisimulia kama tulivyoipita na ami yangu miaka michache baadaye kwa ngalawa yake, kutoka Gazi mpaka Vanga. Safari hiyo ndiyo iliyonifundisha kila ninachojua.

Aliichagua siku kwa wiki mbili. Kwanza msimu. Kaskazi huvuma hapa kwetu tangu Desemba hadi Machi, kusi tangu Aprili hadi Septemba au Oktoba. Nchi yetu kutoka Diani kwenda Vanga inateremkia kusini magharibi, kwa hiyo anayeshuka na kaskazi anasukumwa mgongoni. Anayeshuka wakati wa kusi anabisha njia nzima, anakula maji usoni, na juu ya hilo kuna mkondo mkuu wa bahari ambao katika ukanda wetu huelekea kaskazini mwaka mzima na hushika kasi zaidi wakati wa kusi. Kijana mwenye injini husema upepo haumhusu. Unamhusu petroli. Galoni zinazomtosha Machi hazimtoshi Julai. Desturi nzuri ni kugawa mafuta mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu usiliguse, hilo ni la siku ambayo mambo hayakwenda.

Ami alichagua Februari, siku ya nne baada ya mwezi kuwa mpevu. Bamvu kubwa limepita, mafu hayajafika, na maji yanajaa kwenye saa moja asubuhi. Maana yake tungetoka Gazi na maji makuu, tuanze kutolewa na kupwa, na saa za katikati zikitufikia tuwe tumekwisha kuvuka sehemu za mawe.

Ngalawa yake ilikuwa gogo moja la mwembe na ndubi zake mbili, tanga lililoshonwa viraka vya rangi tatu. Usiku ule aliikagua yote. Kamba ya joshi, kamba ya demani, foromali, shikio, makafi mawili, upondo, upo wa kufulia maji. Nanga ilikuwa omo, juu, kamba yake imekunjwa vizuri, na hakuna kilichoruhusiwa kukaa juu yake. Aliniangalia nilipokuwa naitazama nanga ile. Hakusema kitu.

Ghuba ya Gazi imelala vizuri. Upande wa mashariki imezibwa na rasi ya Chale na kisiwa chake, nyuma kuna mikoko ya ile mito miwili, Kidogoweni na Mkurumudzi. Ni mikoko hiyo hiyo ambayo wanakijiji tangu 2013 wanaitunza chini ya Mikoko Pamoja na kuuza hewa ukaa yake, hekta 117, na pesa kuingia kwenye maji ya bomba na madarasa. Wengi huizungumzia kwa pesa hizo. Baharia huizungumza kwa jambo jingine: chombo kikishikwa na dhoruba hapo nje, mikoko ndiyo kitanda. Mawimbi hayaingii. Zamani Gazi ilikuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza 1895 na 1896, na ukiingia ghubani kutoka baharini utaelewa kwa nini mtu kama yeye alipapenda.

Anayetoka Diani, kama mpwa wangu, atakuwa amekwisha kupita Galu na Kinondo kabla ya kufika hapo. Huko njia ya ndani ni nzuri maji yakiwa juu, lakini maji yakipwa wakati wa bamvu utaona wageni wanatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba, na mashua zimelala ubavu mchangani. Kati ya Chale na bara kuna upenyo mwembamba unaopitika maji yakijaa. Yakipwa, trekta hupita hapo. Nimemwambia mpwa wangu: ukiona alama za magurudumu chini ya maji, umechelewa.

Hapo kwenye ndani ya mwamba ndipo ami alinifundisha kusoma rangi. Maji ya buluu nzito, kina. Kijani mpauko, mchanga, na kina cha wastani. Nyeusi laini isiyo na mipaka, ni nyasi, pita. Hudhurungi yenye kingo, ni jiwe, na kadiri linavyoelekea umanjano ndivyo lilivyo karibu na tumbo la chombo chako. Jua likiwa nyuma yako au juu ya kichwa unaona yote. Jua likiwa mbele yako huoni chochote ila kioo. Kwa hiyo asubuhi usipende kuelekea mashariki kwenye mawe, na jioni usipende kuelekea magharibi. Wingu likifunika, punguza mwendo na mtu asimame omo.

Na kuna alama za nchi. Ami alikuwa na jozi zake: mbuyu fulani ukiuona umepangana na mnara fulani wa msikiti, upo katikati ya mlango. Ukiuona mbuyu umeutangulia mnara, umeingia sana kusini, rudi. Vitu viwili, kimoja mbele na kingine nyuma, vikilingana vinakupa mstari ulionyooka kuliko kamba. Tatizo, ndugu zangu, ni kwamba jozi hizi zinakufa. Minazi inakatwa, hoteli za ghorofa zinafunika minara, mibuyu inauzwa. Mara ya mwisho nilipopita Diani kwa maji nilitafuta alama tatu za ami nikapata moja. Msitu wa Kaya Kinondo bado unasaidia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuukata, na tangu 2008 umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda. Wazee walioulinda kwa ajili ya mizimu wamewalinda na mabaharia.

Mtu ataniambia kuna ramani ya setilaiti kwenye simu. Ipo, na ninaitumia. Inakuambia uko wapi. Haikuambii jiwe liko futi ngapi chini yako saa hii. Na kwenye maji ya chumvi simu hufa wakati unapoihitaji zaidi.

Tulipita Msambweni jua limepanda kidogo, ukingo wake mrefu wa mawe ukiwa kuliani. Hapo nchi ni genge, mawe yameliwa chini na mawimbi mpaka yamebaki kama dari, na kwa umbali mrefu hakuna pa kuegesha maji yakiwa makuu. Mtu wa chombo kidogo lazima ajue hilo mapema: pwani inaweza kuwa mita 200 kutoka kwako na isikufae kitu. Ami kila baada ya muda alikuwa akiniuliza, "Tukipata shida saa hii, tunakimbilia wapi?" Nikikosa jibu, anasema, "Basi tafuta." Aliniuliza hivyo labda mara ishirini mpaka Vanga. Nilichoka naye.

Baada ya Msambweni mwamba hausimami tena kama ukuta mmoja. Funzi ina mafungu ya mchanga yanayohama. Mto Ramisi unaleta tope, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na yale masomo yote ya rangi yanakwisha kazi. Hapo ni upondo. Mtu anasimama omo anapima, anataja, nahodha anasikiliza. Ukitaka kuingia Bodo au Funzi, ingia maji yakiwa yanajaa, kamwe yasiwe yanapwa. Sababu ni rahisi: ukikwama maji yakijaa, subiri kidogo utaelea. Ukikwama maji yakipwa umepwelewa, na utakaa hapo mpaka yarudi, saa sita, nane, na mbu wa mikoko ya Ramisi watakuwa wageni wako.

Kaskazi lilishika saa tatu hivi. Asubuhi mapema huwa ni umande tu, upepo mwepesi wa nchi kavu, halafu kunatulia kabisa, halafu kaskazi linaamka na kuongezeka mpaka alasiri. Tuliruka vizuri. Saa sita na kitu tulikuwa tunaikata rasi ya Shimoni na kuingia mlango wa Wasini.

Hapa pana raha yake. Mlango wa Wasini una kina, unaingilika maji yakiwa popote, kisiwa kinakukinga na bahari kuu, Mkwiro upande mmoja, Shimoni upande wa pili. Pomboo hucheza hapo karibu kila siku, na kuanzia Julai hadi Septemba nyangumi hupita nje. Lakini usidanganyike. Maji ya mlango ule hukimbia, na yakikutana na upepo uso kwa uso, wimbi linakuwa fupi na kali. Chombo kilichojaa abiria hadi maji yanalamba ukingo hakipaswi kuwa pale alasiri. Kwa kuwa mpwa wangu atafanya kazi hapo, nimemwandikia kipande chake peke yake. Kisite, kilomita za mraba 28, ni hifadhi, havuliwi hata samaki mmoja. Mpunguti, kilomita za mraba 11, uvuvi wa asili unaruhusiwa. Hatupi nanga juu ya matumbawe, anafunga kwenye boya, na kama hakuna boya anatafuta mchanga. Na kurudi kutoka Kisite wakati wa kusi ni kabla upepo haujakaza, hata mgeni akilalamika kwamba amelipia siku nzima. Mgeni ataondoka na malalamiko yake. Abiria aliyezama haondoki moyoni.

Jaketi za kuokolea maisha. Hapa wavuvi wenzangu watanicheka. Tumekua tukiambiwa mtoto wa pwani anajua kuogelea. Siku ile mwambani nilijua kuogelea, na haikunisaidia: maji yale hayaogeleki, yanakubeba na kukusaga. Jaketi livaliwe tangu ufuoni. Likiwekwa chini ya kiti, ni kama nanga yetu chini ya saruji. Filimbi ifungwe kwenye jaketi, tochi iingizwe kwenye mfuko wa nailoni, simu mbili za laini tofauti maana kuna sehemu kati ya Funzi na Shimoni mtandao mmoja unapotea. Nambari 999 na 112 zipo. Ukiwa na redio ya baharini, masafa ya 16 ndiyo ya dharura dunia nzima, na kituo cha uokoaji baharini kiko Mombasa. Walinzi wa Pwani tunao tangu 2018. Lakini wote hao wako mbali na wewe kwa saa nyingi. Aliye karibu ni mtu uliyemwambia ufuoni, "Natoka saa hii, nafika saa hii, nisipopiga simu kufikia saa hii, nitafute." BMU ya kila kijiji ingeweza kuwa na daftari la jambo hilo, karatasi na kalamu tu. Tumepewa injini, friji za samaki, semina za hoteli. Daftari hilo nimeliona mahali pamoja.

Tulilala Shimoni kwa jamaa. Kesho yake kabla ya alfajiri tulitoka na maji yakijaa, tukapita Sii, tukalenga Vanga tufike maji yakiwa makuu, karibu na saa mbili. Vanga haiingiliki vinginevyo. Ni tope na mikoko, mji wenyewe umekaa karibu sawa na bahari, na katika bamvu maji huwagongea watu milango. Upande ule pia kuna mpaka wa kuangalia. Mstari wa Kenya na Tanzania baharini, uliokubaliwa mwaka 1976, unaanzia Ras Jimbo, na hakuna ukuta wala bendera majini. Wavuvi wa Vanga na wa Moa wameoana kwa vizazi, lakini chombo cha doria hakiulizi shangazi yako ni nani. Ami alikaa kaskazini kabisa ya mstari, akavua kofia akiwapungia watu wa upande wa pili waliokuwa wakitega nyavu, nao wakampungia.

Ami alifariki miaka minne baadaye, kitandani kwake, si baharini. Ngalawa ile watoto waliiuza. Nilichoandika hapa pengine ni robo ya alichokijua, na kile cha milango, zile jozi za miti na minara, sikukiandika wakati alipokuwa hai kwa sababu nilidhani nitakikumbuka. Nimekumbuka saba tu. Nimezichora kwenye daftari la shule, na wazee wawili wa Mkwiro na mmoja wa Gazi wameniongezea tano. Mwenye nyingine anitafute kupitia ukurasa huu, hata kama alama yenyewe imekwisha kukatwa. Tutaandika ilikuwa wapi.

Mpwa wangu naye alinijibu kwa ujumbe mfupi: "Mjomba, tajiri anataka boti ifike Jumamosi." Nikatazama kalenda. Jumamosi ni tarehe 16 ya mwezi, kupwa saa tano asubuhi. Nikampigia yule tajiri mwenyewe, sikumjua kabla ya hapo, nikamweleza kwa adabu. Alinisikiliza. Akauliza boti iliyopasuliwa na mwamba inatengenezwa kwa bei gani, nikamwambia. Wamesogeza hadi Jumatano, tarehe 20. Wataondoka na maji makuu, saa mbili u nusu asubuhi, nanga iko omo, na mimi nitakuwa nimekaa katikati na jaketi langu.